Shajara ya mradi: kuongeza lizi ya fleti ya Plaistow kabla haijafika miaka 80

9 Machi 2025

Mradi una faili lake kuanzia leo. Hali ilivyo: fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, Plaistow, mashariki ya London. Tuliinunua Novemba 2023. Kama fleti karibu zote za England na Wales, hatukununua ardhi wala jengo. Tulinunua lizi, yaani haki ya kukaa kwa muda uliobaki kwenye mkataba. Ardhi na jengo ni mali ya kampuni moja ambayo kila mwaka inatuletea bili ya pango la ardhi. Muda ukiisha, haki yetu imeisha na fleti inarudi kwa kampuni.

Kaka yangu wa Dar nilipomweleza alisema, "Si kama hati ya kiwanja ya miaka 99 tu?" Kwa mbali, ndiyo. Ila kwetu ardhi ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, na hati unaihuisha serikalini. Hapa mwenye ardhi ni mfanyabiashara, na kila mwaka unaopungua kwenye lizi yako unaongeza thamani ya mali yake.

Lizi yetu bado ina miaka 80 na miezi kadhaa. Hakuna atakayetutoa. Tatizo ni hiyo 80 yenyewe. Sheria ya mwaka 1993 inampa mwenye fleti haki ya kuongezewa miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na pango la ardhi kufutwa, kwa bei inayopigwa kwa kanuni. Muda ukizidi miaka 80, mwenye ardhi analipwa mambo mawili: pango atakalolikosa, na kucheleweshewa fleti yake kwa miaka 90. Ukifika 80 au kushuka, linaingia la tatu, ambalo mawakili wanaliita thamani ya ndoa. Fleti yenye lizi ndefu ina bei kubwa kuliko yenye lizi fupi. Ile tofauti, ikishatolewa stahili ya mwenye ardhi, inagawanywa nusu kwa nusu, na ile nusu ya mwenye ardhi unamlipa wewe.

Mpaka mwaka huu tusingeweza hata kuanza, kwa sababu sheria ilidai uwe umemiliki fleti kwa miaka miwili kwanza. Sharti hilo limeondolewa tangu 31 Januari 2025. Kwa hesabu ya zamani tungengoja mpaka Novemba, na Novemba tungekuwa tumeshavuka mstari.

16 Machi

Nimetoa nakala za rejesta kwenye tovuti ya Usajili wa Ardhi, pauni 7 kwa kila moja: ya lizi yetu na ya ardhi yote. Nilitaka tarehe, kwa sababu tangazo la dalali wakati tunanunua lilitaja muda mmoja na barua ya benki ikataja mwingine.

Jibu liko ukurasa wa kwanza wa lizi. Mkataba ulisainiwa Februari 2007, lakini muda wenyewe ni miaka 99 "kuanzia na pamoja na" 29 Septemba 2006. Hiyo ni siku ya Mikaeli Malaika, moja ya siku nne ambazo Waingereza wamezitumia tangu zamani kukusanyia kodi za robo mwaka. Dalali alihesabu kuanzia kusainiwa. Muda unakwisha 28 Septemba 2105, kwa hiyo siku yetu ya mwisho ya kuwa juu ya 80 ni 28 Septemba 2025. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, mama watoto ameizungushia duara.

Pango: pauni 250 kwa mwaka kwa miaka 33 ya kwanza, 500 kwa miaka 33 inayofuata, 750 kwa 33 ya mwisho.

Jambo jingine kutoka kwenye lizi: pande ni tatu. Yupo mwenye ardhi, tupo sisi, na ipo kampuni ya usimamizi inayotoza ada ya huduma. Notisi, yaani barua rasmi ya kudai haki yetu ya nyongeza, itakwenda kwa mwenye ardhi na nakala kwa hao wa usimamizi. Wakili wetu anasema notisi nyingi huharibika hapa.

2 Aprili

Kikao cha majirani kwenye ngazi za jengo. Wazo lilikuwa zuri kuliko letu: tununue ardhi yote kwa pamoja. Sheria inataka angalau nusu ya fleti zishiriki. Jengo lina fleti 18, kwa hiyo 9. Waliokuwa tayari ni watano. Fleti nyingi zina wenyewe wanaoishi mbali na kuzipangisha, na kwa watu kama hao miaka 80 ni habari ya wajukuu. Sikuwalaumu. Lakini lizi zote za jengo zinaanza tarehe ileile, na 29 Septemba itawakuta wote kitandani.

Tumebaki kila mtu na lake.

14 Aprili

Nilimwandikia mwenye ardhi barua pepe ya kawaida kuuliza bei, nione tu upepo unavuma wapi. Jibu limekuja haraka, na limeandikwa vizuri kweli: lizi iongezwe iwe miaka 125 kuanzia sasa, bei pauni 7,500, pango la ardhi liendelee na kupanda kama lilivyo hadi 2105, ofa ni ya siku 28.

Mama watoto aliisoma mara mbili akaniuliza kwa nini tusichukue. Nikakaa naye na kalamu. Pango lililobaki ni miaka 14 ya 250, miaka 33 ya 500 na miaka 33 ya 750. Jumla pauni 44,750. Sawa, zimetawanyika miaka 80, na nyingi tutakuwa hatupo. Lakini atakayenunua fleti hii atazihesabu, na benki yake itazihesabu. Na miaka inayoongezwa ni 45, nusu ya ile 90 ya kisheria.

Kuna jingine lililonifanya nikatae bila kujuta. Ofa ya hiari haisimamishi saa. Mwenye ardhi anaweza kuzungumza na wewe kwa upole mpaka Oktoba, halafu akajiondoa, na hakuna sheria aliyovunja. Notisi ya kifungu cha 42 cha ile sheria ya 1993 ndiyo inayogandisha tarehe ya kupiga hesabu. Ukishaipeleka, mazungumzo yakichukua mwaka, bei bado inahesabiwa kwa siku notisi ilipofika.

27 Aprili

Swali la kila mtu kwenye kundi letu la WhatsApp la Wabongo wa Newham: kwa nini usisubiri sheria mpya? Bunge lilipitisha sheria Mei 2024 inayofuta thamani ya ndoa na kutoa nyongeza ya miaka 990 badala ya 90. Ni kweli, ipo kwenye vitabu. Lakini vifungu hivyo havijaanza kutumika. Viwango vya hesabu ambavyo waziri anatakiwa kuvitangaza havijatangazwa, na wamiliki wakubwa wa ardhi wamekwenda Mahakama Kuu kuipinga.

Mtu mwenye lizi ya miaka 72 ana sababu ya kungoja, kwa sababu thamani ya ndoa ameshaikuta na anaweza kufutiwa. Mwenye miaka 140 hana haraka yoyote. Sisi tuliobakiza miezi mitano kufika 80 tuko pabaya kuliko wote: tukikaa, tunajitwisha deni ambalo leo hatunalo, kwa matumaini kwamba serikali italifuta kwa tarehe isiyojulikana. Nimeandika hivyo kwenye kundi. Shemeji mmoja akajibu kwamba mimi nimeshakuwa wakili. Haya.

11 Mei

Mthamini amekuja. Nilimpata kwa wakili, ni mtu anayefanya kazi ya lizi tu, na hilo ndilo la kutafuta. Mthamini wa kawaida wa mikopo hajui kanuni hizi.

Alikuwa na kipima umbali cha leza kidogo kama rimoti. Anakibandika ukutani, kinamweka nukta nyekundu ukuta wa pili, anaandika. Jiko, korido, vyumba, mpaka kabati la boila. Mita za mraba 61. Kisha akauliza nini tumekibadilisha sisi wenyewe. Nikamwonyesha bafu jipya. Akasema zuri, akaandika pembeni kwamba lisihesabiwe, kwa sababu sheria haitaki ulipie ongezeko la thamani ulilolifanya mwenyewe. Mwishowe alisimama dirishani upande wa reli muda mrefu, akingoja treni ipite. Ikapita. "Vizuri," akasema, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kufurahia kelele ile. Kila kinachopunguza thamani ya fleti kinatupunguzia bei.

23 Mei

Ripoti imefika. Naiweka hapa kwa urefu kwa sababu ndiyo moyo wa mradi.

Thamani ya fleti ikiwa na lizi ndefu: pauni 310,000, kwa kulinganisha na mauzo ya jengo letu na la jirani.

Sehemu ya kwanza, pango. Haulipi 44,750 taslimu. Unalipa kiasi ambacho mtu angetoa leo ili apokee malipo hayo kidogokidogo. Kwa kiwango cha asilimia 6.5 kwa mwaka inatoka karibu pauni 5,560. Ajabu ya hesabu hii ni kwamba zile 750 za miaka 33 ya mwisho, ambazo zilitutisha kuliko zote, zinachangia pauni mia tano na kidogo tu. Ziko mbali mno.

Sehemu ya pili, fleti yenyewe. Mwenye ardhi alikuwa aipate mwaka 2105, sasa ataipata 2195. Pauni 310,000 za miaka 80 ijayo, zikirudishwa leo kwa asilimia 5, ni kama 6,180. Hii asilimia 5 haijadiliwi sana. Ilitoka kwenye kesi inayojulikana kama Sportelli, iliyoamuliwa na baraza la ardhi mwaka 2006, na tangu hapo ndiyo inayotumika kwa fleti.

Jumla: pauni 11,740 hivi.

Halafu kwenye aya ya mwisho ameandika ingekuwaje tukichelewa. Anakadiria fleti ikiwa na lizi ya sasa, bila haki ya kuongeza, kuwa ya 282,000. Tofauti na 310,000 ni 28,000. Toa 11,740 ya mwenye ardhi, inabaki 16,260. Nusu yake ni 8,130. Hizo ndizo zinazoongezeka kati ya 28 na 29 Septemba, usiku mmoja, fleti ileile, treni ileile.

8 Juni

Pesa. Akiba ilikuwa ya kumalizia nyumba ya Kigamboni. Imehamishwa, na fundi ameambiwa apumzike. Mama watoto amewaomba wenzake wa mchezo wampe zamu ya Agosti badala ya Desemba, wamekubali. Hilo limetufikisha.

20 Juni

Rasimu ya notisi. Kurasa chache tu, lakini kila mstari una mtego: majina yetu wote wawili kama yalivyo kwenye rejesta, maelezo ya lizi, bei tunayopendekeza, masharti ya lizi mpya, jina la wakili, na tarehe ya mwisho ya kujibiwa ambayo lazima iwe miezi miwili au zaidi tangu notisi kufika.

Bei tumebishana. Mimi nilitaka kuanza na 5,000, kama mtu yeyote aliyelelewa Kariakoo. Wakili akakataa. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 1998 kwamba notisi yenye bei isiyo ya kweli ni batili, na mwenye ardhi hana wajibu wa kukuambia mapema. Anaweza kunyamaza mpaka Oktoba halafu ndiyo aseme. Tumeweka 9,800, ambayo mthamini anaweza kuitetea kwa maandishi.

1 Julai

Notisi imepelekwa kwa mkono kwenye anwani ya mwenye ardhi iliyo kwenye rejesta, na nyingine kwa posta ya kusainiwa. Nakala imekwenda kwa kampuni ya usimamizi. Saa imesimama: miaka 80 na karibu miezi mitatu.

17 Julai

Wametaka ushahidi wa umiliki na amana. Amana ni asilimia 10 ya bei tuliyopendekeza, kwa hiyo 980. Tumelipa ndani ya siku 14 zinazotakiwa.

5 Agosti

Mthamini wao. Alitoa taarifa ya siku tatu kama sheria inavyotaka, akaja, akakaa dakika chache, hakupima chochote. Hakungoja treni.

3 Septemba

Notisi ya majibu imeingia siku za mwishomwisho kabla ya tarehe tuliyoweka. Wakili hakushangaa, wangechelewa, tungeweza kwenda mahakama ya kaunti na kupata lizi kwa masharti tuliyoandika sisi, kwa 9,800, na wao wanalijua hilo vizuri.

Wanakubali haki yetu. Bei yao ni 13,650. Fleti wameithamini 340,000, na pango wamelipigia kwa asilimia 5.5. Kiwango kikiwa kidogo, pesa ya mbeleni inakuwa na uzito zaidi leo, kwa hiyo wanalipwa zaidi.

Bei sikuiogopa. Kilichonikera ni kurasa za nyuma. Wamependekeza lizi mpya iwe "ya kisasa": ada ya kuomba ruhusa ya kupangisha, ada ya ruhusa ya kufuga, ada ya kusajili kila taarifa. Lizi ya zamani haina ada hizo. Mtu anayehangaikia bei anaweza kusaini hayo bila kuyaona, akaja kuyalipa kwa vipande miaka yote 170. Sheria inasema lizi mpya ifuate masharti ya ile ya zamani, isipokuwa pale palipo na kasoro ya kurekebisha au mambo yaliyobadilika tangu ilipoandikwa. Kutaka ada si kasoro. Wakili amejibu kwa mistari miwili.

29 Septemba

Miaka 80 kamili. Asubuhi jirani wa juu alinisimamisha kwenye ngazi akauliza kama kweli leo ndiyo leo. Ndiyo leo.

26 Oktoba

Mahakama Kuu ilitoa hukumu juzi, tarehe 24: madai ya wamiliki wa ardhi dhidi ya sheria ya 2024 yametupwa. Simu zimelia. Je, tuiondoe notisi tungoje? Hapana. Hukumu haikuanzisha vifungu hivyo, imesema tu kwamba Bunge halikukosea kuvitunga. Na ukiondoa notisi, unakaa miezi 12 bila kuruhusiwa kupeleka nyingine, huku gharama za mwenye ardhi ukizilipa.

Mazungumzo ya wathamini yanaendelea. Wa kwao ameshuka hadi 325,000 baada ya kuonyeshwa mauzo ya fleti ya ghorofa ya kwanza, jengo letuletu, upande ule usio na reli.

19 Novemba

Tumekubaliana: 12,500. Ni kama asilimia 6 kwenye pango na thamani ya 318,000. Mthamini wetu alidhani kwenye baraza, lile linaloamua bei pande mbili zisipokubaliana, tungeweza kupata 12,000. Tulikuwa na nafasi mpaka mwanzoni mwa Machi kupeleka maombi huko, yaani miezi sita tangu notisi ya majibu. Lakini ada ya baraza na siku moja ya mthamini kutoa ushahidi zingeila hiyo 500 na kuomba nyingine. Masharti "ya kisasa" yote yameondolewa.

10 Desemba

Bili ya mawakili wa mwenye ardhi. Sheria inatutaka tulipe gharama zao za kuchunguza haki yetu, za kuthamini na za kuandika lizi, mradi ziwe za kiasi. Wamedai 1,950 kabla ya VAT. Wakili wetu aliomba mchanganuo, na ndani yake kuna saa za "mawasiliano na mthamini kuhusu bei". Kujadiliana bei si gharama yetu. Kila upande unabeba zake. Imeshuka hadi 1,400. Ombeni mchanganuo kila mara, hata kama mmechoka na mnataka kumaliza.

14 Januari 2026

Tumekamilisha leo. Lizi mpya inakwisha 28 Septemba 2195. Pango la ardhi ni punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, ikidaiwa; ndivyo walivyoandika, maana yake pango hakuna tena. Ada ya huduma iko palepale, nyongeza ya lizi haiigusi.

Matumizi yote, VAT ikiwemo: bei 12,500, wakili wetu 1,620, mthamini wetu, ripoti na mazungumzo, 1,140, mawakili wao 1,680, mthamini wao 660. Jumla 17,600, na ada ya usajili juu yake. Kodi ya ununuzi hakuna, bei yenyewe ni ndogo mno kufikia kiwango.

2 Februari

Maombi ya usajili yako Usajili wa Ardhi, tumepewa namba ya kumbukumbu. Lizi ya zamani itafungwa, mpya itapewa namba yake, mkopo wa benki utahamia juu yake na nakala itapelekwa benki. Jirani wa juu amepeleka notisi yake wiki iliyopita, na mthamini ni yuleyule.